Karatasi ya Tarime

Bhoke alikaa tako moja. Kwa miezi kadhaa hivyo ndivyo alivyokaa kila mahali, tako la kulia kwenye kiti, la kushoto hewani, mkono ukishika ukingo asije akapinduka mbele za watu. Kanisani aliwaambia ni jipu, Mungu amsamehe. Mtu wa miaka hamsini na minane ataanzaje kuwaambia akina mama wa kwaya kwamba kinachomuuma kiko pale ambapo hata mumewe hajawahi kupataja kwa jina?

Siku hiyo ya Januari alikuwa ndani ya kituo cha afya, njia ya Kehancha, mbele ya kijana mwenye koti jeupe. Kijana aliitwa Chrispine, Mjaluo wa Sindo kule ziwani, na Kikuria chake kilikuwa cha salamu tu. Alikuwa rika moja na Cliff, kitindamimba wa Bhoke. Muuguzi wa kike alikuwa likizoni. Nje kwenye benchi alikaa Liz, binti yake Bhoke, aliyetoka Awendo alfajiri ili amlete. Liz alitaka kuingia naye, lakini mama yake alimsukuma kifuani kwa kiganja.

"Wewe kaa hapo. Haya si ya kuonwa na wewe."

Liz alijua maana yake. Akiwa na miaka kumi na miwili, Desemba moja, alikimbilia kwa watawa usiku wa kuamkia siku yake ya kutahiriwa, na tangu hapo kwao yeye ni mosagane, msichana asiyekatwa, hata kama ana watoto watatu na mvi mbili. Mosagane haoni uchi wa mwanamke aliyetahiriwa. Akakaa.

"Mama, shida ni nini?" Chrispine akauliza.

"Kidonda."

"Kiko wapi?"

Bhoke akagusa paja juu ya leso. Akaona uongo huo hautamfikisha popote, akasogeza mkono juu kidogo, kisha akauondoa upesi.

Chrispine akaelewa, akainamisha macho. Naye kwao ana mama. "Naweza kuangalia?"

"Hapana."

"Kuna kitu kinatoka?"

"Maji. Siku hizi na damu."

"Kilianza lini?"

"Muwasho ni wa miaka miwili. Kidonda ni tangu tuvune. Ni kadogo tu, kama punje ya mahindi."

Haki ya Mungu, kijana yule hakuwa mjinga. Alijua kwamba kidonda kisichopona, kwa mwanamke wa umri ule, mahali pale, si cha kupakwa mafuta. Akaweka kalamu chini. "Mama, hii inataka daktari wa upasuaji. Nitakuandikia uende Homa Bay. Huko watakata hapo penye kidonda, halafu..."

"Kukatwa?" Bhoke alishtuka. "Mimi nilishakatwa."

"Ulishakatwa? Hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Lini?"

"Zamani. Nikiwa msichana."

"Wapi?"

"Ng'ambo. Upande wa Tarime."

"Nani alikukata?"

"Mama mmoja. Alishakufa."

Kwao Chrispine hakuna msichana anayetahiriwa. Ukeketaji aliusoma chuoni, akauona kwenye mabango ya serikali kila njia panda tangu aletwe Kuria. Lakini neno la mabango Bhoke hakulitaja, na neno la Bhoke halikuwa kwenye mabango. Kwa kijana huyu kukatwa ni meza, taa na glavu. Akaandika kwenye daftari la mgonjwa, akakuna kichwa. Kama ugonjwa uliwahi kukatwa na umerudi, hilo ni jambo lingine kabisa.

"Mama, sikiza. Siwezi kukutuma Homa Bay hivi hivi. Daktari atataka kujua nani alikukata, lini, wapi, na alitoa nini. Nenda Tarime, leta karatasi. Kama huyo alishakufa, hata wenzake wapo. Jina lake ulisema nani?"

Bhoke akafunga mdomo. Alichukua daftari lake, akaliingiza ndani ya blauzi, akatoka.

"Wamesemaje?" Liz akainuka.

"Jipu. Wamenipa vidonge. Rudi kwa watoto wako."

*

"Waliuliza jina?" Nyamhanga, mumewe, aliuliza mara ya tatu.

"Waliuliza."

"Ulitaja?"

"Nilisema alikufa."

"Na mahali?"

"Tarime nilitaja."

Nyamhanga alikuwa akichonga mpini wa jembe. Akauacha. Nani alikata, wapi, lini, lete karatasi! Tangu lini daktari akauliza hivyo? Hayo ni maswali ya chifu, na chifu huyauliza akiwa na askari wawili nyuma yake. Na kwa hofu hiyo huwezi kumcheka mzee, maana sababu ilikuwa jikoni wakati ule ule, ikichambua mboga. Ghati, mjukuu wao, binti wa mwana wao Bonface, alivushwa mpaka wa Tanzania akatahiriwe, Desemba ya mwaka juzi, akiwa na miaka kumi na mmoja. Nyamhanga ndiye aliyepanga safari. Bhoke ndiye aliyembembeleza njiani kwa kumwambia kwamba wanaenda kumsalimu shangazi.

"Wameanza na wewe kwa sababu wewe ni mzee," Nyamhanga alisema kwa sauti ya chini. "Ukishataja, watauliza, na wajukuu je? Bonface atafungwa, Mama Bonface. Mimi nitafungwa. Wewe pia."

"Kidonda nacho?"

"Kuna dawa za miti. Watu walipona kabla ya kituo cha afya kujengwa."

Bhoke hakubisha. Tusimdanganye mtu, hakuna aliyemfunga kamba. Alipima mwenyewe, upande mmoja kidonda kama punje ya mahindi, upande wa pili mwanawe gerezani, akachagua kidonda. Mama gani asingechagua hivyo?

*

Kidonda hakikujua kwamba kimechaguliwa. Februari kilikuwa kama kifuniko cha soda. Machi kilipasuka katikati. Bhoke alichana shuka la zamani vipande vipande, akavivaa, akavifua kabla watu hawajaamka na kuvianika chini ya kitanda, visikokauka vizuri. Mkojo ulipopita alitia kona ya leso mdomoni akaiuma. Akaanza kunywa maji kidogo ili akojoe kidogo, akawa mkavu midomo kama mgonjwa wa malaria.

Halafu ikaja harufu, na harufu haina siri. Kanisani benchi lake lilianza kupata nafasi. Hakuna aliyesema neno, watu wa Mungu wale. Walikumbuka tu ghafla kwamba dirisha la upande wa pili lina upepo mzuri. Nyasuguta, mwenye duka, aliyezoea kumwita ndani wapige soga, sasa alimletea chumvi hadi mlangoni. "Usisumbuke kuingia, mama, nakuletea." Nyamhanga akahamishia godoro nyumba ya Cliff, ambaye alikuwa kazini Migori mjini, akasema anakohoa na hataki kumsumbua mtu. Hakukohoa hata mara moja.

Siku iliyomvunja Bhoke ni ya mbwa. Alikuwa akitoka kisimani na wanawake wengine wawili, ndoo kichwani, na mbwa wa jirani akaja nyuma yake, akaingiza pua kwenye leso. Akamfukuza, akarudi. Wanawake wale wakatazama mbele kwa heshima. Mbwa akamfuata hadi langoni kwake akinusa, na Bhoke hakuweza kuinama kuokota jiwe kwa sababu kinenani upande wa kushoto palikuwa pamevimba, mtoki mgumu uliokataa mguu kukunjika. Akaweka ndoo chini akalia palepale. Alitamani kufa, na alilisema kwa sauti: "Mungu, nichukue tu."

*

Liz alikuja Mei, bila kualikwa, na mfuko wa sukari. Hakufika hata sebuleni.

"Mama. Hilo si jipu."

"Umekuja kunusa watu?"

"Nimekuja kukuona. Nipe daftari la hospitali."

"Halipo."

"Mama, nitalitafuta hata kwenye matiti."

Bhoke akalitoa huko huko. Liz akasoma akiwa amesimama, akarudia, mdomo ukisogea kama wa mtoto anayejifunza kusoma.

"Huyu anasema ulishafanyiwa operesheni. Ulitolewa uvimbe Tarime na daktari mwanamke ambaye ni marehemu. Anaomba ripoti ya operesheni ndio akuandikie barua ya Homa Bay."

"Operesheni? Mimi sijalala hospitali hata siku moja. Hata nyinyi nyote niliwazalia hapa hapa."

"Sasa ulimwambia nini?"

"Aliniambia nitakatwa, nikamwambia nilishakatwa."

Liz akashusha daftari. "Mama. Kukatwa gani?"

"Kwani kuna kukatwa kungapi?"

Liz alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka kikali, kikageuka kilio katikati, akakaa chini mavumbini na nguo zake za safari. Bhoke alimtazama bila kuelewa, kisha akaanza kuelewa kidogo kidogo.

"Kwa hivyo hawakuwa wanamtafuta Bonface?"

"Hakuna aliyekuwa anatafuta mtu, Mama. Walitaka kukutibu."

Miezi minne. Nyamhanga alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, na amesikia yote. Akaenda kumfungulia ng'ombe ambaye tayari alikuwa malishoni.

*

Liz alipomweleza Chrispine, barua ilitoka, na huko Homa Bay daktari wa upasuaji aliitwa Osoro. Muuguzi Millicent alimpandisha Bhoke kitandani, akamfunika magoti kwa shuka, akazungumza naye habari za bei ya omena, dagaa wa ziwani, huku akifanya kazi yake. Bhoke alimkazia macho. Mjaluo huyu. Naye pia ni mosagane, hata hakujua kwamba ni kitu cha kuwa. Lakini mikono yake haikusita wala hakukunja pua, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari mtu kumkaribia hivyo.

Liz alikuwa nje. Hata hapo alikuwa nje.

Dakta Osoro aliangalia, akagusa mitoki, wa kushoto halafu wa kulia, akasoma daftari, akaangalia tena. Akavua glavu, akavuta kiti.

"Mama, mimi ni Mkisii, hata kwetu wasichana hukatwa. Nimeelewa ulichomwambia yule kijana."

Bhoke akageuza uso ukutani. "Utaandikia polisi?"

"Mimi natibu. Hiki kidonda, ulipokwenda kituoni, kilikuwa kama nini?"

"Punje ya mahindi."

"Tutachukua kinyama kidogo kipimwe maabara, lakini sitakuficha ninachofikiri. Ni saratani. Ingekuwa ile ya Januari, ningetoa kidonda na nyama kidogo pembeni, tuangalie tezi, na labda ingeishia hapo. Sasa naona imefika kwenye mitoki. Kipimo kikisema hivyo, nitakata pakubwa. Hapo penyewe, na kinenani pande zote mbili."

"Hapo utakata nini?"

"Yote iliyobaki."

"Kwani kuna iliyobaki?"

Millicent akageuka akajifanya anapanga chupa. Dakta Osoro akamshika mkono.

Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu na yalisema vile alivyosema daktari. Bima ililipa sehemu, ng'ombe yule wa Nyamhanga akalipa nyingine, na mzee hakumtoa kwa mnung'uniko, alimpeleka mwenyewe mnadani, akarudi akaweka pesa zote mkononi mwa Liz. "Mimi usinipe hata ya tumbaku," alisema.

*

Upasuaji ulifanywa Julai. Bhoke aliamka na mpira wa mkojo, na mirija miwili ikichuruzisha maji mekundu kutoka kinenani, na maumivu ambayo hakuyalinganisha na uzazi, kwa sababu uzazi una mwisho. Siku ya tisa nyuzi za kushoto ziliachia. Dakta Osoro alikuwa amemwonya kwamba hapo huachia mara nyingi, mahali penye unyevu na mikunjo hapashiki vizuri. Kidonda kitaachwa wazi kijijaze chenyewe kutoka chini. Ataoshwa mara tatu kwa siku, maji ya chumvi ya uvuguvugu, ndani ya beseni, kisha kukaushwa na kufungwa.

"Nani atamwosha?" Millicent aliuliza siku ya kuruhusiwa.

Nyumbani kuna Ghati tu, mtoto. Mke wa Bonface alishasema tumbo lake halivumilii. Nyamhanga alitazama viatu vyake.

"Nipeleke Awendo," Bhoke alimwambia Liz bila kumtazama.

Hilo nalo halikuwa dogo. Mama mkwe halali nyumba ya mkwewe, si kwa Wajaluo wala kwa Wakuria. Jared, mume wa Liz, Mjaluo mkata miwa, alichukua blanketi na redio, akahamia kwa mwenzake, na kila jioni alisimama nje ya ua na kuuliza kwa sauti, bila kuingia, "Mama ameamkaje?" Ilikuwa jioni na alijua ni jioni, lakini hakupata neno lingine.

Asubuhi ya kwanza Liz alichemsha maji, akatia chumvi, akajaribu joto kwa kiwiko. Bhoke alikuwa amejishika leso kwa mikono miwili.

"Nenda nje. Nitajiosha."

"Huwezi kuinama."

"Nitaweza."

Alijaribu. Mguu wa kushoto, uliovimba kama gogo tangu tezi zitolewe, haukupanda. Beseni likapinduka, maji yakaenea sakafuni hadi chini ya kabati. Liz alipiga deki, akachemsha mengine. Aliporudi, Bhoke alikuwa ameachia leso.

Liz akaosha. Alifanya kama Millicent alivyomwonyesha, akimimina kwa kikombe bila kusugua. Bhoke alitazama dari. Machozi yalimwingia masikioni.

"Umeona sasa," alisema baadaye.

"Nimeona."

"Ndiyo uliyoikimbia. Ile niliyokatwa kwanza. Ni sehemu ya hii."

"Ndiyo, Mama."

Nje trela la miwa lilipita, madirisha yakatikisika. "Kumbe ulikuwa na mbio, wewe," Bhoke akasema.

Liz akacheka, na safari hii kilibaki kicheko. Akamkausha kwa kitambaa kilichopigwa pasi, akamfunga.

*

Majibu ya tezi yaliwakuta Agosti. Tatu zilikuwa na saratani. Inahitajika mionzi, na mashine iko Kisumu, na Kisumu kuna orodha ya watu wanaosubiri. Lakini hata orodha hiyo haimpokei mtu mwenye kidonda wazi, na cha Bhoke kilikuwa kikijaza pole pole. Septemba yote ilikuwa beseni na chumvi. Kidonda kilifunga karibu chote. Na siku ambayo Liz alitaka kushangilia, kidole chake kilipita kinenani upande wa kulia, kikakuta kitu kigumu chini ya ngozi, kidogo, kama punje ya mahindi.

Hakumwambia mama yake. Hakukuwa na haja. Bhoke alikuwa ameuona uso wake.

Oktoba walirudi Homa Bay. Mle kliniki alikuwepo karani mpya, binti wa chuo aliyekuwa akifungua mafaili upya, na foleni nyuma ilikuwa ndefu, wanawake na wanaume wakisikia kila kitu. Liz alisogea ili amjibie mama yake kama alivyozoea, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, namba ya bima.

"Umewahi kufanyiwa upasuaji?" karani aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo," Liz akasema, "Julai, hapa hapa, na Dakta—"

Bhoke akamgusa bega. "Wacha niseme mwenyewe."

Alikuwa amesimama, maana kukaa bado kulimshinda, mguu wake mnene ukiwa umefungwa bandeji hadi gotini. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini foleni ilisikia.

"Nimekatwa mara mbili. Andika zote."

Karani akainua kichwa. "Ya kwanza ilikuwa lini, mama?"

"Desemba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu."

"Hospitali gani?"

"Hakukuwa na hospitali. Ilikuwa Tarime, nje, chini kwenye majani."

"Na ulikuwa unaumwa nini?"

Bhoke alimtazama yule binti, akamtazama Liz.

"Sikuwa naumwa," akasema. "Andika hivyo. Ya kwanza sikuwa naumwa."